Diamond ana mameneja, wengine wana bosi

Harmonize alipotoka WCB, lebo ya muziki ya Diamond Platnumz, mwaka 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba kujitoa kulimgharimu milioni 500 za Kitanzania na ikabidi auze mpaka nyumba. Toka hapo mjini tumegawanyika, wengine wanasema dogo katolewa Mtwara hakuna anayemjua, kapewa jina, kapewa kila kitu, leo anatukana wakunga na uzazi ungalipo, wengine wanasema kijana kanyonywa na hiyo hela ni dhuluma tu. Kabla yake, 2018, Rich Mavoko, naye wa WCB, alishalipeleka suala la mkataba wake BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Akaja kutoka Rayvanny 2022, akaja Mbosso 2025, na hata wale walioondoka kwa amani mjadala unarudi vile vile kama kibwagizo, nani kamtoa nani, nani anamdai nani.

Mi nimekaa na hili jambo miaka mingi na naona tunagombana kuhusu hela wakati swali lenyewe ni la viti. Kijana wa miaka ishirini anapokaa mezani kusaini lebo hapa kwetu, upande wake wa meza anakaa nani? Mara nyingi hakai mtu. Maana meneja, ambaye kazi yake nzima ni kukaa upande wa msanii, ndo huyo huyo mwenye lebo, au kaajiriwa na mwenye lebo, au ni mshkaji wa mwenye lebo, kwa hiyo msanii anajadiliana na watu watatu ambao wote usiku wanaenda kula sehemu moja. Kuanzia hapo hata mkataba ungeandikwa vizuri kiasi gani, ugomvi umeshapandwa, unasubiri mvua tu.

Lakini hatukufika hapa kwa sababu ya roho mbaya za watu, na hili nataka nilieleze taratibu kidogo kwa sababu naona vijana wengi wanaozungumzia mameneja leo hawakuwepo.

Miaka ya 90 Bongo Fleva inaanza hakukuwa na mtu anaitwa meneja kwa maana ya kazi. Kulikuwa na studio za kuhesabu, Mawingu, MJ Records ya Master J, baadaye Bongo Records ya P Funk, redio binafsi ndo kwanza zimeruhusiwa, Radio One ikaanza 1994, Clouds FM ikaja mwishoni mwa muongo, na kulikuwa na wasambazaji wa Kariakoo ambao ndo walikuwa na hela. Msanii anarekodi, anabeba masta yake, anaingia dukani Kariakoo, anapewa hela ya mara moja, anasaini, anatoka, baada ya hapo kanda zikiuza elfu kumi au laki mbili hajui na hatakuja kujua. Meneja wa enzi hizo alikuwa ni broo wa mtaani mwenye gari, ana duka la nguo au gereji, anapenda muziki, analipia masaa ya studio, anamjua mtangazaji mmoja au wawili, na siku ya shoo anakupeleka na kukurudisha. Karatasi hakuna. Mnaaminiana kwa sababu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu na mama yako anamjua.

Humo ndo wakatokea watu wawili ambao mi nawaheshimu na sitaki mtu asome makala hii akadhani nawasema vibaya, Said Fella wa Temeke na Hamisi Taletale, yaani Babu Tale, wa Manzese. Fella kasimama na kundi la TMK Wanaume, kina Juma Nature, Temba, Chegge. Tale na Tip Top Connection yao, kina Madee, MB Dogg, Z-Anto, Tundaman. Hawa watu walichofanya ni kikubwa kuliko tunavyokumbuka. Walichukua vijana ambao serikali haina habari nao, shule imeshawashinda, wakawapa pa kulala, wakawapa chakula, wakawalipia studio, wakaenda polisi kuwatoa, wakaenda kwa mama zao kuwaombea ruhusa. Fella baadaye akafungua kituo akakiita Mkubwa na Wanawe, na jina lenyewe linajieleza. Humo ndo katoka Aslay akiwa bado mtoto kabisa na ile Naenda Kusema, humo ndo ikatoka Yamoto Band, Aslay, Beka, Enock Bella na Maromboso ambaye leo ndo Mbosso, watoto wa Temeke wanaimba kwa bendi laivu wakati kila mtu anapanda stejini na plebeki. Hakuna lebo ya kigeni ingekuja Mbagala kufanya hivyo. Hakuna benki ingekopesha.

Sasa mfumo wa baba na wanawe una nguvu yake na una shida yake, na vyote vinatoka sehemu moja. Baba haombwi risiti. Ukilala kwake na kula kwake, siku shoo imelipa milioni mbili ukapewa laki moja unaanzaje kuuliza, utauliza kwa mdomo upi, si ndo huyu jana kakununulia dawa? Na yeye baba kwa moyo safi kabisa haoni kama kakudhulumu, kichwani mwake ana hesabu ndefu ya chakula na nauli na nguo za video na masaa ya studio, kila siku anaijumlisha. Hesabu hiyo msanii hajawahi kuiona. Kwa hiyo siku ya kuachana kila mtu anaamini kabisa kwamba kaibiwa, na wote wawili hawasemi uongo.

Yamoto ikavunjika 2017, na mwaka huo huo Aslay akaachia nyimbo mfululizo mtu mmoja mpaka tukashangaa alikuwa anazihifadhi wapi.

Nisimruke Ruge Mutahaba wa Clouds, ingawa kumwita meneja ni kumpunguza. THT, chuo chake cha vipaji, ilipoanza 2005 ilikuwa ni kitu kipya, kijana anafundishwa kuimba, kucheza, kupiga vyombo, kusimama stejini, kabla hajauzwa kwa mtu yeyote. Barnaba, Linah, Mwasiti, Amini, Ditto, baadaye Nandy, ukisikiliza sauti zao unajua kabisa hawa walipita mahali pa mazoezi. Alipofariki Februari 2019 watu waliojaa Karimjee kumuaga hawakwenda kuuza sura, wengi wao alibadilisha maisha yao. Lakini hata pale, chuo, redio na tamasha la Fiesta vilikuwa vinaendeshwa na mkono mmoja, na Sugu na Lady Jaydee, kila mmoja kwa wakati wake, walivutana na nyumba ile hadharani na tuliona jinsi msanii anavyokuwa mpweke akikosana na mtu mwenye milango yote. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu milango yote ikiwa ya mtu mmoja, msanii hana mlango wa kutokea.

Twende kwa Diamond, maana hapo ndo kuna kitu ambacho wachambuzi wetu hawakigusi.

Diamond 2010 katoka na Kamwambie, kachukua tuzo tatu za muziki za Kili, alikuwa ni msanii kama wengine. Baadaye kajikusanyia Tale, Fella na Sallam kwa pamoja, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana Bongo, mafahari wa Manzese na Temeke kwenye zizi moja, na Sallam akawa sana upande wa mambo ya nje. Number One ile ya remix na Davido wa Nigeria ikatoka mwanzoni mwa 2014, mwaka huo huo kwenye Kili akabeba tuzo saba. Watu wanasema siri ni bajeti za video, wengine wanasema siri ni kiki. Mi naona siri ni kwamba kwa mara ya kwanza msanii wa Kitanzania aliajiri mameneja. Yeye ndo mwenye jina, yeye ndo mwenye kazi, wao wanalipwa kutokana na yeye, siku asiporidhika wao ndo wenye wasiwasi. Hapo meneja yupo mahali pake sahihi na ndo maana alifanya kazi kama mtu anayetafuta.

Alafu ikaja WCB kusaini vijana, Harmonize 2015, Rayvanny na Mavoko 2016, Lava Lava, Mbosso, Zuchu 2020. Na hapo mshale ukageuka. Ghorofa ya juu msanii ana mameneja, ghorofa ya chini msanii ana bosi. Nyumba ni moja, watu ni wale wale, neno menejimenti ni lile lile, ila ukipanda ngazi linamaanisha mtumishi wa msanii na ukishuka linamaanisha mwenye msanii. Diamond mwenyewe asingekubali kusaini leo mkataba ambapo mtu mmoja ni mwenye nyimbo, mtafuta shoo, msimamizi wa hesabu na mshauri wake. Na sio WCB peke yao, karibu lebo zote za wasanii zilizofuata zimeiga ramani hiyo hiyo, msanii anatoka analia kuhusu mkataba, mwaka unaofuata anafungua lebo yake, na vijana anaowasaini wanakuta meza ile ile.

Hili sio la kwetu tu na ndo maana linanipa matumaini kidogo, wenzetu walishapita. Chukua Brian Epstein wa Liverpool. Alikuwa na duka la sahani za muziki la familia yao, hakuwahi kusimamia mtu, Novemba 1961 akashuka kwenye kile kiukumbi cha chini kinaitwa Cavern akawaona vijana wanne wachafu wachafu wanapiga, akawapenda. Ukimwangalia unamwona Fella kabisa, mtu wa mtaa mwenye imani. Kampuni ya rekodi ya Decca wakawakataa, akazunguka mpaka akampata George Martin wa EMI, na The Beatles wakawa walivyokuwa. Asilimia yake 25. Aliwapenda mpaka anafariki 1967 akiwa na miaka 32. Na mtu huyo huyo, kwa kutojua, ofisi yake iliingia mkataba wa kuuza vitu vyenye sura na jina la vijana wake, mawigi, fulana, mabakuli, ambapo asilimia 90 ilienda kwa kampuni nyingine na upande wao ukabaki na 10. Mapenzi yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa tatu wa kusoma karatasi.

Upande wa pili kuna Colonel Tom Parker, meneja wa Elvis Presley. Alianza na asilimia 25, ilipofika 1967 wakawa wanagawana nusu kwa nusu, 1973 zikauzwa haki za mapato ya rekodi za zamani za Elvis kwa kampuni ya RCA kwa dola milioni 5.4, na Elvis nje ya Marekani hajawahi kupiga shoo zaidi ya Kanada 1957. Elvis mwenyewe kafariki 1977 na mahakama ya Memphis ikaja kuteua mwanasheria kuchunguza ile mikataba kwa niaba ya binti yake. Yaani mtu anayeitwa mfalme hakuwa na mtu wa kumsomea mpaka alipokuwa kaburini. Nikisikia mtu anasema wasanii wetu hawajasoma ndo maana wanaibiwa huwa namkumbusha hilo.

Ndo maana wenzetu wakaamua kuzigawa zile kofia. California sheria inataka anayemtafutia msanii kazi awe wakala mwenye leseni, huyo kwa kawaida anachukua asilimia 10, meneja ni mtu mwingine anachukua 15 mpaka 20, mwanasheria mwingine, mhasibu mwingine. Wanaibiana bado, sikatai, ila ili uibiwe vizuri inabidi watu wanne wakubaliane.

Kwetu meneja mmoja anabeba vyote na wanaomtukana hawajui siku yake ilivyo. Simu saa nane usiku promota wa Kahama anasema ukumbi umefutwa, asubuhi unafukuzia nusu ya malipo ya Tunduma kabla msanii hajapanda gari maana ukifika bila adivansi umeliwa, mchana upo BASATA na vibali, jioni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na usajili wa wimbo, katikati hapo unambembeleza DJ, unatafuta pasipoti, unatuliza ugomvi wa msanii na mchumba wake, unaandika maelezo ya ubalozi wa kampuni ya simu, na usiku unakaa na prodyuza mpaka alfajiri. Zama hizi kaongezewa kingine kikubwa kuliko vyote, nywila. Akaunti ya YouTube na ya wasambazaji wa mtandaoni imefunguliwa kwa imeili ya nani? Nimeona wasanii wameachana na mameneja wao vizuri wakapeana mkono, baada ya miezi mitatu wanagundua nyimbo zote za miaka mitano zinaingiza hela kwenye imeili ambayo hawaijui. Ukiwa msanii na unasoma hapa, hilo kaliangalie leo leo.

Na yeye meneja mwisho wake ni nini? Hiki ndo kinaniuma zaidi kwa sababu hakisemwi. Hana pensheni, hana chama chenye meno, msanii akiondoka anaondoka na kila kitu alichojenga, miaka kumi imekuwa stori ya kijiweni. Fella akawa diwani wa Kilungule 2015, Tale akaingia bungeni 2020 kwa jimbo la Morogoro Kusini Mashariki, na mi siwashangai, kazi ya kukusanya watu na kusuluhisha magomvi ndo waliyoifanya maisha yao yote, ila pia ni kwamba ndani ya muziki hapakuwa na ngazi nyingine ya kupanda. Mamia ya wengine ambao hawakupata msanii kama Diamond wamerudi kwenye gereji zao.

Kwa hiyo meneja anaogopa, na mtu mwenye hofu anaandika mkataba wa kufunga. Zile milioni 500, mi nazisoma kama hofu hiyo imewekewa bei. Kuna njia nyingine ambayo inatumika sana nje na ni rahisi mno kuieleza kwa Kiswahili: mkiachana, meneja anaendelea kupata asilimia kwenye zile kazi zilizofanyika akiwepo, ila inapungua, mwaka wa kwanza labda yote, wa pili nusu, wa tatu robo, wa nne basi. Kazi mpya baada ya hapo hazimhusu. Msanii hauzi nyumba, meneja hafi njaa, hakuna wa kumshika mwenzake mateka. Inahitaji vitu viwili tu, mkataba uandikwe kwa lugha ambayo kijana wa Mbagala anaielewa, maana mikataba karibu yote niliyoonyeshwa ni kurasa kumi na kitu za Kiingereza, na awepo mwanasheria ambaye halipwi na lebo. BASATA inasajili wasanii na wadau, hapo hapo dirishani wangeweza kuuliza maswali hayo mawili, nani amekusomea, na meneja wako ndo mwenye lebo yako? Mwaka 2023 naibu waziri wa sanaa akawa rapa Mwana FA, mtu aliyeingia mahakamani mwenyewe kudai haki ya nyimbo zake kwenye miito ya simu. Sijui tungetaka kiti kile kikaliwe na nani tena ndo tuanze.

Naongea kwa uchungu kwa sababu nimekuwa upande wa pili wa meza. Kati ya 2012 na 2015 nilisimamia kijana mmoja Mwanza, jina lake nalihifadhi. Nilikuwa na kaunta buku, kila nilichotoa naandika, studio elfu themanini, nauli ya Geita, viatu vya video, soda. Akaja kuondoka, lebo moja ya Dar ikamchukua, nikawapigia simu wakaniuliza kitu kimoja tu, ulikuwa na mkataba? Sikuwa nao. Buku linasema namdai milioni tatu laki saba na arobaini. Miaka sita nilikuwa nikimsikia redioni nazima.

Tukaja kukutana Kirumba kwenye msiba wa rafiki yetu, baada ya mazishi tukakaa pembeni nikamwambia mdogo wangu mi nina daftari. Hakukasirika. Akasema kaka lilete tulisome. Tukasoma mstari kwa mstari, akakubali studio, akakubali nauli, viatu akacheka akasema vilimbana sana. Alafu akaniuliza Sengerema ipo wapi humo. Bariadi ipo wapi. Ile harusi ya Nansio tuliyovuka na kivuko usiku. Akahesabu shoo kumi na moja kwa vidole na mimi nazikumbuka zote, kila moja mi ndo nilipokea hela nikampa kidogo yake, na kwenye buku zima hakukuwa na ukurasa hata mmoja wa kilichoingia.

Tukajumlisha kwenye simu yake. Nilikuwa nadaiwa mimi. Nimemlipa kwa awamu tatu, ya mwisho nilimtumia mwezi wa pili.